Wa Nani?

Tangu Jumapili mashine ya ramani inasuasua.
Nagonga herufi, inatokea baada ya kukohoa.
Mhandisi Mundhir kapita na kikombe chake cha kahawa,
kaitazama kama mgonjwa asiye wake:
"Imezeeka, Rayya. Andika barua, tununue mpya."
Kisha kaenda zake Maskati kwenye mkutano,
kaniachia kiyoyozi na ramani ya mifereji ya Ibra,
haijachorwa hata nusu.

Mimi si tabibu wa mashine. Mimi wa maji.
Lakini baba yangu alikuwa arifu wa falaji,
mgawaji wa zamu: nusu saa kwa huyu, nusu saa kwa yule,
mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota,
na sikuwahi kumwona, maji yakipungua shambani,
akiuchapa mtende.
Alivua makubadhi, akaufuata mfereji kwenda juu.

Basi nikafungua dirisha jeusi,
nikaiuliza mashine yenyewe: una nini cha kujipimia?
Nilidhani nitaagiza vipimo kutoka mbali, kwa leseni na ankara.
Kumbe vimo humo humo tangu ilipotolewa kwenye boksi,
kimya kama vijiko vya wageni kabatini.
Majina mafupi, ya watu wenye haraka:
top, ps, vmstat, iostat.
Kila kimoja na kitabu chake, ukikiomba chafunguka.

top ikanipa orodha ya wenye zamu,
nani anakunywa, nani kasinzia.
Uzito kumi na moja, imeandika. Kumi na moja foleni!
Nikasema mwizi nimemshika.
Nikatazama ubongo: asilimia tisa tu kazini.
Foleni ndefu hivi, na muuzaji kakunja mikono?

vmstat ikaja na safu za tarakimu,
na juu ya safu moja herufi mbili: wa.
Nikacheka peke yangu. Wa nani?
Kwa Kiswahili cha mama, mzaliwa wa Wete,
neno hilo halisimami pekee;
ni mlango, lazima pawe na chumba nyuma yake.
Wa nani, huyu themanini na nane?
Kitabu kikajibu: wakati wa kungoja.
Wa kungoja diski.

Nikaufuata mfereji.
iostat: diski ya pili, mia kwa mia, haipumui.
ps: kazi ya mzee Salmin, aliyestaafu mwaka juzi,
bado kila usiku inanakili picha zake za visima.
Imekwama kwenye picha moja, hali yake herufi D,
usingizi usioamshwa,
na nyuma yake kumi wengine, ramani yangu mmoja wao.
Nikaipiga amri ya kufa. Haikufa.
Nikaipiga ile ya tisa, isiyo na huruma.
Haikusikia. Hata kufa kunataka zamu.

Na kwenye daftari la kiini, mstari ule ule mara elfu:
sekta haisomeki, sekta haisomeki.
Mzizi mmoja ndani ya mfereji.

Picha namba 2117. Sijui ni kisima gani.
Labda kimeshafukiwa, labda kuna duka la matairi juu yake,
na hii ndiyo mara ya mwisho mtu kukiinamia.

Mundhir kapiga simu: "Barua umeandika?"
"Nimeandika. Ya diski moja, riali thelathini na mbili.
Na nipe namba ya Salmin, kama unayo."