Pita Busia

Yule mzee wa mashine ya kukatia nyasi
hakuniuliza niko wapi.
"Joto hili litatuua, binti," alisema,
"leo nyuzi mia."
Nami niko Nairobi, Julai, zamu ya usiku,
sweta mbili na leso kiunoni.
Kwetu nyuzi mia ni maji yanayotokota,
basi nikamwona akichemka taratibu
kwenye kiti chake cha uani, kama chai.
"Pole," nikasema. "Ni kweli. Joto kali."
Meza ya pili Mutheu akaziba mdomo asicheke.

Watu hawa nchi yao huiita Nchi.
Mtoto naye humwita mamake Mama,
akashangaa siku atakayosikia ana jina.
Rais ni Rais. Uchaguzi ni Uchaguzi.
Pwani ziko mbili,
na katika zote mbili hakuna Lamu.
"Nipigie saa tisa," ataniagiza mmoja,
na tisa yake ni tatu yangu,
na hata hiyo tatu
imelala upande wa pili wa dunia, haijaamka.

Bibi mmoja, sauti yake laini kama uji,
alitaka kunitumia kadi.
"Nipe zile tarakimu tano za mtaa wako."
Nikaufikiria mtaa wangu:
shuka kwa kinyozi, fuata harufu ya mutura,
lango la buluu lenye alama ya teke,
hapo uliza.
"Zimebadilishwa juzi," nikamwambia,
"bado hazijanikaa kichwani."

Alfajiri nilirudi Pipeline na visa vyangu,
nikiwasimulia askari wa lango na mama chapati:
jamani, wako watu wanaodhani
dunia yote imelala kitanda kimoja nao!
Tulicheka. Nilikuwa fundi wa kuiga sauti zao.

Desemba, stima imepotea,
nikamkuta Nsimire wa chumba cha kumi na nne
kwenye ngazi, na ndoo yake ya maji.
Miaka miwili tumeanika nguo kamba moja.
"Na wewe, ushago unaenda lini?"
"Siendi."
"Nauli, eh? Kwenu ni upande gani?"
"Magharibi."
"Kakamega?"
"Pita."
"Bungoma?"
"Pita."
"Basi Busia!"
"Pita Busia."
Nikacheka. Baada ya Busia kuna nini?
Ramani ya kichwani mwangu
ilikuwa imechanika papo hapo.
"Pita Uganda yote," akasema polepole,
kama anayemwelekeza dereva mgeni.
"Kuna mlima unaotoa moshi. Halafu ziwa.
Lifuate ziwa mpaka liishe.
Hapo shuka."

Gizani, uso wangu ukapata moto.
Nilikumbuka ile Juni mosi nilipomgongea mlango:
leo ni sikukuu yetu, mbona unafua?
Nilikumbuka nilivyomtuma kwa chifu,
we beba tu kitambulisho, kazi ya dakika tano.
Nilivyomwambia, siku ya kura,
sote tutapanga foleni, hata wewe.
Na kila mara alinijibu
kwa maneno niliyomjibu yule mzee:
Ndiyo. Ni kweli.
Sikujua niseme nini.
Nikashika mpini wa ndoo upande mmoja,
tukapanda, maji yakitumwagikia miguuni.

Usiku huo mzee alipiga tena.
Mashine ameifunika turubai,
theluji imemfikia dirishani,
mkewe haendi tena kanisani.
"Kwenu je, barabara zinapitika?"
Ningeweza kusema ndiyo.
Ndiyo ilikuwa tayari ulimini, imezoea njia.
"Huku jua linawaka, mzee. Tunaanika nguo."
Kimya. Kisha akafurahi kama aliyetegua kitendawili:
"Ahaa! Uko Florida!"

"Pita," nikasema.
Mutheu akainua kichwa.
"Pita Florida, mzee. Endelea tu,
nitakwambia pa kushuka."