Mpima Kina

Upondo wangu ulikuwa na pete za rangi,
nyekundu, nyeupe, nyekundu, mpaka kwenye ncha ya chuma,
na kazi yangu vitani ilikuwa kuuchomeka ndani ya Danubi
na kuita namba.
Basi. Sikupiga risasi hata moja.
Nilisimama omoni, wazi,
kama kambare juu ya meza ya muuza samaki,
wenzangu wakiwa nyuma ya bati nene, na mizinga yao.

Tulikuwa manowari nne zilizopakwa rangi ya matope,
matumbo bapa kama vikaango.
Oktoba maji hupungua, mto huonyesha mbavu.
Nahodha Varjasi akaamua tupite usiku,
taa zimezimwa, ukungu umetanda,
injini zikikohoa kwa adabu.
Nami nikaita kwa mnong'ono:
tatu. Tatu na robo. Tatu.

Penye kona, chini ya mierebi,
ukungu ukanijibu.
"Tri."
Nilidhani ni mwangwi uliojifunza lugha ya ng'ambo,
hadi nikasikia alivyoivuta ile r
kama fundi anayeng'oa msumari uliopinda.

Stipan.
Miaka sita tulichota mchanga kwenye tishari moja,
kitunguu kimoja, kisu kimoja.
Alinifundisha kuusoma mkondo kwa kisigino.
Nilimfundisha kutukana kwa lugha yangu, akanipita.

"Kina?" akauliza nahodha.
Nikiita, watatusikia.
Nisipoita, tutapanda fungu la mchanga.
Maji yaliyotoka chini ya miguu yake
yalikuwa yakifika chini ya yangu,
hayakusimama popote kukaguliwa.
"Kina, Bodog!"

Nikaita. Si kwa mnong'ono. Kwa sauti ya tishari,
ile ya mchana kweupe, ya kuitana chakula:
"Mbili, Stipan! Na mchanga uko upande wako!"

Sijui hadi leo kama nilimwonya au nilimuuza.

Akaanza kujibu: "Dva i..."
Mbili na.
Kisha mizinga ikashika zamu ya kuhesabu.

Kulipokucha tulikuwa manowari mbili.
Wao sikuwahesabu.
Mto ulishusha mapipa, kofia, kiatu kimoja,
na matufaha, mengi mno, mekundu,
ambayo hakuna aliyekubali kuwa yalikuwa yake.

Siku hizi nalipwa na kampuni ya meli za nafaka.
Kila Oktoba napima pale pale.
Mwaka wa kwanza ncha iligonga chuma: moja.
Mwaka uliofuata, mchanga laini, mbili na nusu,
nikakaa chini ya mashua kwa muda, nisiweze kupiga kasia.
Juzi upondo wote ulizama, haukugusa kitu.

Mbili na nini, Stipan?
Fungu limehama. Hata nikijua sasa, si ile.

Naandika namba ya leo kwenye daftari,
naacha mstari mmoja mtupu chini yake.
Karani hukasirika.
Huuchukua wino, huukata.