Kisanduku cha Maoni ya Mhakiki

Fomu imejazwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu asiye na haraka:
nyumba moja, Area D, ya mkopo wa benki;
gari moja, la mkopo wa Bunge;
shamba la zabibu Hombolo, ekari mbili, "la kujifunzia";
ng'ombe kumi na mmoja.
Mahali pa kampuni amepiga mstari.
Mahali pa mgongano wa maslahi ameandika: Sina,
kisha nukta, akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Nimetumwa kuhakiki.
Nina futi ya mita hamsini na posho ya siku mbili.
Ndahani, dereva, anashika ncha moja, mimi nyingine,
vumbi la Hombolo mdomoni.
Saa sita tumefika ekari thelathini na nne
na futi bado inataka kwenda.
"Shamba la zabuni hili," anasema Ndahani, ulimi umeteleza.
Simrekebishi.
Ng'ombe hatukuwaona. Labda wapo machungani. Naandika: labda.

Katikati ya mizabibu, pampu inanguruma.
Ina kibandiko cha kampuni ile ile
iliyopewa visima tisa vya wilaya
na kamati anayokaa yeye,
kiti cha pili kutoka mlangoni.
Mmiliki, kwa mujibu wa usajili: Mbeleje Chidosa,
miaka sabini na minane.
Mama mkwe.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anapepeta uwele.
"Bibi, wewe ndiye mkurugenzi?"
Akacheka mpaka ungo ukaegemea goti.
"Mkwe alileta karatasi, akanichovya kidole kwenye wino,
akasema ni ya bima ya afya."
Kisha akanyamaza, akanitazama vizuri.
"Kwa hiyo visima ni vyangu?"
Kwenye makaratasi, bibi.
"Basi mbona dumu nanunua mia tano?"

Kisanduku cha maoni ya mhakiki
kina upana wa vidole vitatu.
Swali lake halikuenea.
Nimebana herufi, nimepandisha pembezoni,
nimegeuza ukurasa, na nyuma kumeandikwa:
Usiandike hapa.

Ndahani anauliza kama nimemaliza.
Nawaza kiwanja cha Nkuhungu
nilichokiandikisha kwa jina la shemeji,
na tarehe thelathini na moja Desemba,
nami nitakapopewa fomu yangu na kalamu ya bluu.
"Bado," namwambia.

Pampu imezimwa.
Bibi anapita na dumu tupu kichwani,
hatutazami.