Chuma Kikingoje Chuma

At-Bashy, Januari. Umeme umekatika tena
na jenereta la hospitali linakohoa kama mvuta tumbaku.
Nje baridi inapasua ndoo. Ndani Meerim,
mke wa dereva wa lori la makaa,
amenishika mkono hadi saa yangu imemwachia alama.

Mtoto ametoka saa tisa na dakika kumi na moja.
Mwanamume. Zambarau, anateleza, anang'aka.
Nikamlaza kifuani pa mama, taulo la moto juu,
blanketi la sufi juu ya taulo,
na hapo mkono wangu wa kulia ukataka kwenda peke yake.

Maana mkono huu una miaka thelathini na moja kazini.
Ulifundishwa: bana, bana, kata.
Mtoto kushoto, mama kulia, karatasi mezani.
Haraka ndiyo iliyokuwa usafi wetu.
Kiungamwana tulikiita kamba,
na kamba, kazi yake ikiisha, hukatwa.

Kumbe kazi haikuwa imeisha.
Kishike kwa vidole viwili, Ziynat,
alisema yule mwalimu kutoka Bishkek, mdogo kuliko binti yangu,
kishike kabla ya mkasi, kisha uniambie umesikia nini.

Nilisikia kupiga.
Kimesokotwa, kinene kama kidole gumba,
kinapiga, kinapumzika, kinapiga,
kinamaliza kulipa deni
tulilokuwa tukilifuta bila kuwauliza wenyewe.
Vijiko vitano vya damu, alisema. Vya supu, si vya chai.
Humo mna chuma cha nusu mwaka.

Basi chuma cha mkasi kikingoje chuma cha damu.

Dakika ya kwanza, analia; mama anacheka kwa kilio chake.
Dakika ya pili, Jyldyz, nesi kijana, ananitazama,
mkasi mkononi, nyusi zimepanda.
Bado, namwambia kwa kichwa.
Nyayo zilizokuwa buluu zinapambazuka kidole kwa kidole.
Dakika ya pili na nusu nawakumbuka.
Sitaki, ila nawakumbuka
wale wa baridi ya mwaka tisini na sita,
weupe kama unga, walioletwa kliniki na miezi minane,
shingo zimelegea, njuga haziwashtui,
nami nawaandikia dawa ya matone
na kuwagombeza mama zao kwamba wanawanywesha chai.

Dakika ya tatu kimenyamaza.
Kimelala cheupe, kimebwagika, kama tambi iliyopoa.
Sasa.

Jenereta likazima. Tulifunga fundo kwa tochi ya simu.

*

Alipotimiza mwaka na wiki tatu walinialika kwenye tushoo.
Miguu yake wameifunga uzi wa sufi,
mweusi na mweupe, umesokotwa pamoja.
Watoto hutimka kutoka mbali kwenye theluji,
na atakayetangulia ndiye atakayeukata, ili mwenzao aende.
Nilikimbia na mimi, na goti langu hili.
Nilifika wa mwisho, nyuma ya mbwa.

Aizirek wa miaka tisa ameshinda, anahema, kisu tayari.
Ulan amesimama, mashavu yamewiva,
anakitazama kisu, anayumba,
kidole kimoja kimeng'ang'ania sketi ya mama.
Kata! wanapiga kelele. Kata!

Na mdomo wangu, ambao hakuna aliyeualika,
nikausikia ukisema:
Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo.
Mwache kwanza aachie ile sketi.