Kwa Heldur, Anayedharau Mita Mbili

Unasema VHF ni ya madereva wa teksi,
ya kuulizana na jirani kama maziwa yamechacha.
Miaka thelathini na mmoja umeganda mita arobaini,
ukigombea nafasi kama kuku kwenye pumba,
na ukutani kadi za Brazili, kadi za Japani,
zimepauka kwa jua la dirishani.
Sizibezi. Zangu zimo kwenye kopo la biskuti.

Lakini Oktoba iliyopita, alfajiri ya Jumanne,
kipimahewa kilipanda kikakataa kushuka.
Ukungu uliilalia Sõrve, mnara wa taa ukabaki kichwa.
Hewa ya joto ilikaa juu ya baridi
kama mfuniko juu ya sufuria,
na bahari yetu, chini yake, ikawa korido.
Nikawasha redio. Kimya.
Kimya kile unachokiita kaburi.
Nikageuza antena kwa mkono
(mota ilikufa na theluji ya Machi),
nikaita mara moja, kwa sauti ya kawaida,
kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Akajibu Zbyszko, wa pwani ya Poland.
Karibu kilomita mia tano, kwa wati kumi,
nikamsikia akikoroga chai.
Kijiko, Heldur. Nilisikia kijiko.

Usinitajie bei.
Antena yangu ni ufito wa mreteni
na fimbo za alumini nilizong'oa kwenye kitanda cha kambi,
nikazipima kwa utepe wa fundi nguo.
Za sentimita sabini ni fupi zaidi:
zinaenea kwenye kapu la uyoga.

Na usiku anga la kaskazini likigeuka kijani,
usiwaite wajukuu waje kutazama tu.
Elekeza antena kulekule, shika kitufe cha Morse.
Sauti zitarudi zimekwaruzika,
kama watu wanaonong'ona na mchanga mdomoni.
Ni Wafini hao. Ni Waswidi.
Mwanga wenyewe umewarudisha kwako.

Wapo hata wanaougonga mwezi.
Neno linakwenda, linadunda, linarudi,
sekunde mbili na nusu:
muda mfupi kuliko unaotumia wewe kukataa.

Sikudanganyi. Ziko jioni nitaita
na atakayejibu ni friji.
Mvumilivu hula mbivu, wanasema;
mimi nimekula mbichi nyingi,
meno yangu bado yana ganzi,
na kesho nitapanda tena juu ya paa la ghala.

Jumanne ijayo, saa mbili usiku,
mia moja arobaini na nne, nukta tatu.
Kutoka kwako hadi kwangu ni kilomita kumi na nne,
hata waya wa kuanikia nguo utatosha.
Anza na mimi.
Niulize kama maziwa yamechacha.