Kati ya Saba na Tisa na Nusu

Dumu lilifika Panevėžys limelowa,
lebo yake imevuka theluji ya nchi tatu
na namba niliyoihitaji imebaki njiani.
Panasomeka "kiungo cha povu", chini yake "asilimia",
na mbele ya asilimia doa la wino wa buluu.

Genutė, dada yangu, hakuona tabu.
"Mimina tu," akasema, "mpaka litoe povu la kutosha."
Kutosha nini, nikamuuliza. Kumtosha nani?
Vidole vyake vimepasuka kama mkate wa juzi.
Miaka kumi na tisa anafua mashuka ya hospitali,
na kila sabuni aliyopewa ilitoa povu la kutosha.

Wenye povu jingi nawajua.
Hata kikaoni, povu likizidi hoja imekwisha.

Mimi nilikuwa maabara, kiwanda cha maziwa.
Sikuwahi kukamua ng'ombe hata mmoja.
Nilipima, nikakausha, nikapima tena,
na wakulima walionichukia, walinichukia kwa desimali.
Basi nikatoa kibakuli cha glasi,
na mizani ndogo aliyoniachia shemeji yangu sonara.
Gramu kumi kamili.
Oveni nyuzijoto mia moja na tano.
Stuli, na soksi za sufu.

Saa ya kwanza: nne nukta mbili.
Ya pili: tatu nukta tatu.
Ya tatu: tatu nukta moja.
Ya nne: tatu nukta moja.
Maji yamekwisha kuaga.

Umebaki ukoko wa manjano ulioing'ang'ania glasi.
Hapo mwenye haraka angeandika thelathini na moja, akalala.
Lakini ndani ya ukoko mna mgeni:
chumvi, iliyozaliwa kiwandani siku moja na kiungo,
haipai na mvuke, haioshi unywele wa mtu,
imekaa tu mizanini ikihesabiwa kama mwenyeji.
Kiasi gani? Sijui.
Nusu gramu, nasema,
kwa kuwa dumu la mwaka jana, lililokuja na karatasi yake,
lilikiri hivyo.

Ishirini na sita kwa mia, basi.
Nataka nane kwa mia, chupa ya gramu mia tano:
nane mara tano, arobaini;
na ili nipate arobaini nimimine
mia moja hamsini na nne,
baada ya kuvunja ncha ya penseli mara moja.
Kinachobaki ni maji, glisirini kidogo,
matone ya asidi ya limau
mpaka karatasi ya kupimia ikageuka rangi ya ndimu inayoanza kuiva.

Genutė akanawa. Povu likaja jembamba,
lenye haya, kama mtu aliyebisha mlango usio wake.
"Umeninyima," akasema.
Nikamwacha anung'unike. Jikoni kwangu
anayelalamika hukausha vyombo.

Usiku nikarudi kwenye daftari.
Kama chumvi haimo kabisa, nimempa tisa na nusu.
Kama imefika nukta nane, nimempa saba.
Shairi likipungua mizani moja, sikio hushtuka papo hapo.
Ngozi nayo hushtuka, ila hukawia kusema;
hungoja wiki nzima, kisha hupasuka.

Wiki hiyo tukaingoja.
Jumapili alikuja, akafungua mtungi wa viazi vyekundu vya siki,
akazamisha vidole vyote vitano
wala hakusema "ai".
Yawezekana ni sabuni.
Yawezekana ni likizo: hospitali ilikuwa imempa siku nne.

"Sasa ni ngapi?" akauliza, kalamu mkononi,
chupa ameikumbatia kwapani.
Nikamwambia aache nafasi pana.
"Andika kati. Kati ya saba na tisa na nusu."
"Hiyo si namba."
"Ndiyo niliyo nayo," nikasema,
nikamnyang'anya kalamu, nikampa penseli.