Mililita Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Julai, madirisha yalitoka jasho.
Nje, juu ya migunga, kongoti walikunja shingo
kama watu waliokosa vitanda.
Ndanu hajala tangu jana jioni. Ameniuliza mara tatu
kama madaktari nao wamenyimwa chai.

Muuguzi Jerotich alikuja na bomba la sindano lisilo na sindano.
"Kilo kumi na sita," akajisemea. "Mililita nne."
Kisha akachuchumaa, macho yakalingana na ya mtoto:
"Hii ni chungu kama shubiri, sikudanganyi.
Lakini ukiimeza, mlango ule hautakutisha."
Ndanu akanitazama mimi,
bingwa wa kumeza vichungu nyumbani kwetu.
Akameza. Uso wote ukakunjamana, mpaka masikio.

Tukangoja. Dakika kumi. Kumi na tano.
Mama wa kitanda cha pili alihesabu vigae, akakosea, akaanza upya.
Halafu mwanangu akacheka peke yake.
Akasema dari imeshuka kumsalimia.
Akasema nina pua mbili, na ya pili ndiyo nzuri.
Shingo ikalegea, ulimi ukawa mzito,
maneno yakaanza kutoka bila viatu,
nami nikamdaka asianguke
jinsi mama yake alivyonidaka mimi
kwenye ngazi za ploti yetu, Kayole,
usiku ambao siukumbuki.

Naujua mwendo huu.
Najua goti linavyomsaliti mwenye goti.
Miezi kumi na minne sijagusa chupa,
na leo ulevi umenifuata hadi wadini,
umevaa gauni la vipepeo,
una pengo mbele.

"Hatakumbuka," Jerotich akasema, akidhani ananifariji.
"Taa, barakoa, hata kuachana nawe pale mlangoni.
Dawa hii hufuta."

Sikujibu.
Kwetu, msahaulifu nilikuwa mimi.
Yeye alikuwa macho nyuma ya pazia
akinikumbukia:
sufuria ukutani, jirani akigonga,
jina lake likitamkwa vibaya na baba yake.

Basi leo ni zamu yangu.
Gurudumu moja la kitanda lililia kama panya.
Kofia ya kijani ilimshuka hadi kwenye nyusi.
Vidole vyake viliniachia bila vita,
kimoja, halafu viwili, halafu vyote.
Mafindofindo tu, walisema, kazi ya nusu saa,
wanatoa kila siku.

Mlangoni akafungua jicho moja.
"Baba," akasema,
"leo hunuki."

Mlango ukajifunga polepole, kwa ule mpira wake wa chini.
Kibomba kilibaki juu ya kabati, tone moja nchani.
Nilikitazama kwa muda ambao sitausema.
Nikakitupa kwenye pipa la manjano,
nikabonyeza kifuniko mpaka kikalia,
nikakaa.